Tangu Alfajiri Mpaka Alasiri

Tulimzika Bi. Hadija mwaka huu, siku ya Jumanne, kabla ya adhuhuri. Nilifuata jeneza kwa miguu pamoja na wanaume wengine wa mtaa, nikasimama kando wao walipomsalia, na tuliporudi nikapewa kiti barazani kwake na kikombe cha kahawa. Aliyenimiminia alikuwa mtu wa makamo aliyepata kupanga katika nyumba ile miaka mingi baada ya sisi kuhama. Alinijua kwa jina tu. "Pole sana, Baba Daudi," aliniambia. "Na Daudi mwenyewe yuko wapi siku hizi? Jina lake nalisikia kila siku, lakini mwenyewe sijapata kumwona." Hakuwa na kosa. Mtaani kwetu mzazi huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza, na jina hilo halifutwi, hata mtoto akiwa hayupo, hata kama hakufuatiwa na mwingine. Nilimjibu kwamba Daudi alitangulia zamani. Akaweka birika chini, akashika kichwa, akaniomba radhi mara nyingi mpaka nikawa mimi ndiye ninayembembeleza. Jioni nilimweleza mke wangu, Tabitha, swali hilo. Alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Hakuinua uso. "Si unaandika kila kitu wewe," alisema. "Andika na hilo, watu waache kuuliza."

Mwaka ninaoueleza ni ule ambao soko jipya la Kariakoo lilikuwa bado linanuka saruji. Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Mambo ya wapi nilizaliwa na nani alinilea nayaacha, kwa sababu hayakubadilisha lolote katika yaliyotokea. Shule niliiachia darasa la nne. Yaliyobaki nilijisomesha kwa magazeti waliyofungia karanga, na kwa kitabu kimoja cha hesabu kisicho na jalada. Kazi yangu ilikuwa ufundi wa mizani katika karakana ya Bwana Kanji, Mhindi asiyegusa nyama wala vitunguu, katika kichochoro nyuma ya soko. Wakati ule watu walikuwa wanahama kutoka ratili kwenda kilo, na mizani nyingi za wauzaji zilikuwa bado zinasema lugha mbili. Nilizifungua, nikazisafisha kutu, nikatia risasi iliyoyeyushwa chini ya mawe ya kupimia yaliyopungua uzito, nikayachimbua yaliyozidi. Bwana Kanji alinifundisha kwamba fundi haamini mkono wake wala jicho lake. Anaamini jiwe lililopimwa. Nililishika neno hilo kupita kiasi. Nilikuwa mtu wa kuamini kwamba kila kitu, kikipimwa vizuri, kitasema ukweli wake chenyewe.

Tulipanga chumba katika nyumba ya vyumba sita, ya tatu kutoka pembe ya mtaa, upande wa kuelekea Msimbazi. Chumba chetu kilikuwa cha tatu mkono wa kushoto. Kilikuwa na kitanda cha besera chenye nguzo nne, meza moja, sanduku la nguo, na dirisha dogo lililoangalia uani, ambako wanawake walipika, walifua na kusema. Kupitia dirisha lile nilisikia habari za mtaa mzima bila kuzitafuta. Ukutani, juu ya meza, nilikuwa nimepigilia kadi ya ubatizo ya mwanangu, ndani ya nailoni ili isiliwe na unyevu. Mwenye nyumba alikuwa Bi. Hadija, mjane wa Kizaramo wa miaka kama hamsini, asiyepata kuzaa, aliyekaanga vitumbua barazani kila asubuhi. Chumba cha mbele alikaa kaka yake, Mzee Sefu, ambaye alikuwa balozi wetu wa nyumba kumi. Mhuri wake aliufunga ndani ya kitambaa, kitambaa ndani ya kopo, na kopo chini ya mto wa kulalia.

Mwaka ule chakula kilikuwa foleni. Unga uliopatikana ulikuwa ule wa njano, wa mahindi ya kutoka nje, na tuliula tukiwa tunaulaumu. Mzee Sefu alijitangaza mtani wangu siku ya kwanza tuliyohamia, bila hata kuniuliza kabila, na kila jioni alipita mlangoni kwetu kukagua sufuria.

"Baba Daudi, huo ugali umeupima? Mbona naona umezidi ratili tatu?"

"Mzee Sefu, shikamoo kwanza, matusi baadaye," Tabitha alimjibu.

"Marahaba. Sasa nijibu. Mnampa mtoto matofali ya njano namna hiyo, halafu mnauliza kwa nini hakimbii. Mheshimiwa, njoo kwangu ule wali."

Mheshimiwa alikuwa Daudi. Alikuwa na miaka miwili na miezi mitatu, kichwa kikubwa, miguu ya kutembea kama anayebeba kitu kizito. Alikwenda kweli. Alivuka ukumbi, akaketi kwenye mkeka wa Bi. Hadija, akafungua kinywa bila kusema neno, kama anayedai haki yake. Bi. Hadija alimlisha kwa vidole, akimtolea miiba ya samaki mmoja mmoja, huku akisema, "Kula, bwana wangu, kula, kesho utanioa." Tabitha aliwahi kuniambia kwamba mtoto wetu alikuwa na mama wawili na baba nusu, kwa sababu mimi nilirudi jua limekwisha kuzama na siku ya Jumapili nilikuwa kanisani mpaka mchana. Nilicheka. Nilidhani ni mzaha.

Mwezi wa kumi msimu wa korosho ulipoanza, Bwana Kanji alitakiwa kutoa fundi wa kuzunguka kusini, kijiji hadi kijiji, kutengeneza mizani za kununulia. Alinichagua mimi. Wiki sita. Nilijivunia. Vijiji vya Ujamaa vilikuwa vinaandikwa magazetini kila siku, na mimi nilikuwa ninakwenda kuhakikisha kwamba mkulima hapunjwi. Niliona kama ni utumishi, tena kama ibada. Usiku wa kufungasha Tabitha alisema, "Mtoto anakohoa." Nilimwekea sikio kifuani, nikahesabu pumzi zake, nikamwambia ni mafua. Akasema na yeye mwenyewe anasikia baridi mifupani. Nikamwambia Bi. Hadija yupo. Maneno hayo, "Bi. Hadija yupo", nimeyafikiria zaidi ya maneno mengine yote niliyopata kusema. Nilimwachia yule mama mwanangu kwa kinywa changu, mbele ya mke wangu, kisha nikarudi kumlaumu kwa kuwa alimpokea.

Kusini nilifanya kazi vizuri. Mvua zilikata barabara, mara nyingine tulilala kijiji kimoja siku nne tukisubiri lori. Simu ya maandishi iliyotumwa kutoka Dar es Salaam ilinikuta imechelewa siku tisa, imepita mikono mingi, imekunjwa mpaka herufi zimechubuka. Ilisema mke wangu ni mgonjwa, nirudi. Ilikuwepo ya pili, lakini hiyo haikunifikia. Kwa hiyo nilirudi nikiwa na hofu ya mtu mmoja tu, na katika mfuko wangu nilikuwa na korosho nilizozibangua mwenyewe kwa ajili ya Daudi, nimezipasua vipandevipande ili asipaliwe.

Nilifika nyumbani mchana. Bi. Hadija alikuwa barazani, lakini hakuwa na kikaango wala kitu chochote mkononi. Mzee Sefu aliponiona alisimama. Nilingoja aniambie neno la utani, kwamba nimenenepa au nimekuwa mweusi. Akasema, "Kaa kwanza."

"Tabitha yuko wapi?"

"Tabitha yu hai. Yuko hospitali, homa ya matumbo, lakini anaendelea. Kaa, baba."

"Na Daudi? Amelala?"

Bi. Hadija aliuchukua mfuko wangu begani taratibu, kama unavyomvua mtu mzigo mbele ya mlango. "Daudi tumemsitiri, baba," alisema.

Huku pwani neno hilo lina maana moja tu linaposemwa namna hiyo, na nililielewa papo hapo. Lakini nilifanya nilivyozoea kufanya nikipewa mizani iliyoharibika: nilianza kuuliza maswali kwa mpangilio. Alikufa siku gani? Alhamisi, alfajiri. Kwa ugonjwa gani? Surua, iliyomkuta siku mama yake alipopelekwa hospitali. Walimpeleka zahanati mara mbili. Alikufa wapi? Mapajani mwa Bi. Hadija. Akazikwa lini?

"Alhamisi hiyohiyo," alisema Mzee Sefu.

"Wapi?"

"Kwetu."

Nilisimama. Nakumbuka niliongea kwa sauti ambayo iliwatoa watu vibarazani ng'ambo ya barabara. Niliwaambia mtoto wangu alikuwa amebatizwa, na kadi iko ukutani, kila mtu katika nyumba ile ameiona. Niliwauliza wamepata wapi ruhusa ya kumfanya Mwislamu akiwa maiti. Kisha nikamgeukia Bi. Hadija. "Siku moja!" nikasema. "Mngemweka hata siku moja! Mlikuwa na haraka gani?"

Alitazama chini. Mzee Sefu alisema, "Mtoto ni malaika, Baba Daudi, hana dini. Lakini hasira ni haki yako, sema tu." Nilisema, nikasema mpaka yakaniishia, na yule mama hakunijibu hata neno moja.

Kesho yake nilikwenda hospitali. Muuguzi wa zamu alinishika mkono kabla sijaingia wodini, akanikataza nisimwambie Tabitha kitu mpaka homa ishuke. Nilimkuta amekatwa nywele, macho yamekuwa makubwa. "Daudi hajambo?" aliniuliza. Nikasema, "Yuko kwa Bi. Hadija." Alifumba macho, akatabasamu kidogo. Siku tano nilijibu swali lile kwa jibu lile. Mtu anayeheshimu kipimo anajua ni uongo wa namna gani, kwa sababu kila neno ndani yake laweza kutetewa.

Nilikuwa na shauri moja tu kichwani: kumtoa Daudi kule na kumzika upya katika ardhi ya Wakristo, chini ya msalaba, kwa wimbo na kwa jina lake. Nilijisomea taratibu za kuhamisha maiti. Ilihitajika barua ya balozi wa nyumba kumi, yaani Mzee Sefu, na barua ya kanisa. Nilianza na kanisa kwa sababu huko nilitegemea kupata watu wa upande wangu. Mwinjilisti wetu aliitwa Ezra, mzee mfupi aliyekuwa mpishi katika nyumba za watu kabla ya kuitwa katika kazi ya Bwana, na bado alikuwa na makovu ya mafuta mikononi. Nilimkuta anapigilia mguu wa benchi. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuacha nyundo mkononi.

"Barua nitakuandikia," alisema. "Ni haki yako. Ila kabla ya barua, umewashukuru?"

"Niwashukuru kwa lipi, Mwinjilisti?"

"Kwa kumwosha mwanao."

Akaweka nyundo chini. "Sikiliza, mwanangu. Siku ile walituma mtu hapa mara tatu. Mara tatu alikuta mlango umefungwa. Aliyeufunga ni mimi. Tulikwenda wote Morogoro kwenye mkutano, wazee, kwaya, kila mtu, na hakuna niliyemwachia ufunguo. Wewe ulikuwa kusini. Mimi nilikuwa Morogoro naimba. Wao ndio waliokuwepo."

"Siwezi kushukuru na moyo huu nilio nao."

"Moyo sijauulizia. Nakuambia nenda. Utii hauanzii moyoni, unaanzia miguuni. Moyo ukitaka utakufuata njiani, usipotaka utaubeba hivyohivyo, mzito. Lakini utakwenda."

Nilimchukia mwanzoni, lazima niseme. Alikuwa na macho mekundu alipokuwa anasema, na mimi niliona ni ya uzee. Lakini nilikuwa nimelelewa katika imani isiyomngoja mtu asikie raha ndipo atende, nikakosa pa kutokea. Niliondoka na barua yake mfukoni, kwa sababu aliiandika palepale, na agizo lake pia.

Bi. Hadija alikuwa uani anatwanga. Nilisimama mbele yake nikasema, kama mtoto wa shule, "Bi. Hadija, nimekuja kushukuru kwa kumwosha mtoto." Mchi ulibaki juu. Akaushusha polepole. "Haya, baba," alisema, akajifuta uso kwa upindo wa kanga. "Umekula?" Sikuwa nimekula. Aliniwekea muhogo wa nazi, akakaa mbali kidogo, akanitazama nikila. Nilimaliza sahani. Sikusikia ladha yoyote na sikusikia msamaha wowote. Jioni ileile nilikwenda kwa Mzee Sefu kuomba barua ya pili. Nilidhani atabisha. Alitoa kopo chini ya mto, akafungua kitambaa, akaandika kwa herufi kubwa, akagonga mhuri. "Mtoto ni wako," alisema. "Siku utakayotaka nitakwenda nikuonyeshe, na jembe nitabeba mimi. Si vizuri baba achimbe."

Sasa nilikuwa na barua zote mbili. Kilichobaki kilikuwa neno la Tabitha, na Tabitha alikuwa bado hajui.

Asubuhi iliyofuata nilibaki chumbani. Sikuwa na nguvu ya kwenda karakana. Wanawake wawili wapangaji walikuwa wanafua chini ya dirisha langu, wakiamini nimekwenda kazini.

"Huyu bwana afadhali ameanza kula," alisema wa kwanza. "Hadija ndiye simwelewi. Tangu siku ile kikaango kimelala."

"Akaange amuuzie nani? Wapo waliosusa vitumbua vyake."

"Wamsusie nini tena, mwenzangu?"

"Wewe hukuwepo siku ile, ulikuwa Temeke. Mtu anakaa na maiti ndani tangu alfajiri mpaka alasiri! Joto lile! Maiti wa kusitiriwa asubuhi! Adhuhuri imepita, wanaume wamesimama barabarani, kaburi limechimbwa linangoja, yeye kakaa kizingitini kanyoosha miguu, hapiti mtu. 'Hatoki mpaka wenyewe waje. Ni wa watu huyu.' Mara tatu anatuma mtu kanisani."

"Hee! Na kaka yake?"

"Kaka yake alimwambia, 'Hadija, unamtesa maiti, unatutia dhambini sote.' Unajua alimjibuje? 'Iandikwe kwangu.' Hivyohivyo. 'Iandikwe kwangu.' Mzee wa watu akarudi barabarani kwa wenzake. Ilipoadhiniwa alasiri ndipo akanyanyuka mwenyewe, akaingia ndani, akamtoa kwa mikono yake."

Walisuuza nguo, wakahamia habari ya sabuni. Nilikuwa nimekaa kwenye ukingo wa kitanda. Kwetu sisi, watu wa bara na watu wa kanisa, maiti hungojewa. Ndugu wasafiri, mti wa jeneza utafutwe, kwaya ije. Siku mbili, tatu, ndiyo heshima. Kwao heshima ni kuwahi. Kumchelewesha marehemu ni kumdhulumu, na anayefanya hivyo atalijibu mbele ya Mungu. Niliyajua hayo, nilikuwa nimeishi Kariakoo miaka mitano na nimefuata mazishi yao mengi. Nilikuwa nimeyajua bila kuyatumia. Yale masaa ambayo mimi niliyaita haraka, yule mama aliyaongeza moja baada ya moja dhidi ya dini yake, kaka yake na majirani zake, akiwa na mtoto aliyekufa nyuma yake na mlango wa kanisa umefungwa mbele yake. Nami nilisimama mbele yake barazani, watu wakisikia, nikamuuliza alikuwa na haraka gani. Angeweza kunijibu kwa sentensi moja. Hakunijibu. Nadhani aliona kwamba nilihitaji mtu wa kumkasirikia, akakubali kuwa yeye.

Nililia siku ile kwa mara ya kwanza. Sikutoka nje kumwomba radhi palepale. Aibu ilinizuia, na nilipomwomba baadaye alinikatiza kwa kuniuliza kama nimekula.

Homa ya Tabitha ilishuka Jumamosi. Muuguzi aliweka pazia, nikamwambia. Sitaandika alivyofanya; ni vyake. Kesho yake nilipokwenda alikuwa amekaa, ameegemea ukuta, sauti imekwisha. Nilimweleza yote niliyoyasikia dirishani, kwa utaratibu, bila kuongeza. Kisha nikatoa barua mbili, nikazitandaza juu ya shuka. "Ukisema, tutamhamisha," nikamwambia.

Hakuzitazama. Aliniuliza, "Alimwosha kwa maji ya moto?"

"Sijui."

"Daudi hapendi maji ya baridi."

Nikasema nitauliza. Nilitembea kutoka hospitali mpaka Kariakoo bila kungoja basi. Bi. Hadija alikuwa amejilaza mkekani, nikamuuliza mlangoni, nikihema. Alikaa. "Ya uvuguvugu," alisema. "Niliyapima kwa kiwiko, kama anavyofanya mama yake. Mwambie nilikuwa namwimbia, asiogope." Nikarudi kwa miguu. Tabitha aliposikia hilo la kiwiko alijishika kiwiko chake mwenyewe, akakikumbatia kwa kiganja, akakaa hivyo muda mrefu. Wagonjwa wengine walikuwa wameletewa chakula, kulikuwa na harufu ya maharage wodini. Mwishowe alizikunja zile barua na kunirudishia.

"Asiguswe tena," alisema.

Barua ya balozi niliirudisha kwa mwenyewe, kwa kuwa ilikuwa na mhuri na haikutumika. Ya kanisa nilimpelekea Mwinjilisti Ezra. Aliisoma kama vile hakuiandika yeye, akaiweka ndani ya kitabu chake cha nyimbo, kisha akatoa funguo mfukoni, akachomoa mmoja. "Huu ni wa mlango," alisema. "Kuanzia leo, mtu wetu akifa mtaani huku na hana ndugu mjini, watakuita wewe. Mchana, jioni, wakati wowote. Mimi nitaondoka, wazee wataondoka, kwaya itasafiri. Wewe utakuwepo." Nilimwambia sina uwezo, mimi mwenyewe ni mfiwa. "Ndiyo maana," alisema.

Nimeifanya kazi hiyo mpaka leo. Nilipita nyumba kwa nyumba, kuanzia Kariakoo hadi Mchikichini, nikaandika Mkristo gani anakaa chumba gani, ametoka wapi, nani aitwe kwao. Wenye nyumba wengi walikuwa Waislamu, na walinipokea vizuri kuliko nilivyotegemea. Nao walikuwa wamechoka kutojua la kufanya na maiti za watu. Nimewazika wachukuzi wa sokoni, wapishi, msichana mmoja wa kusini aliyekuwa hana hata picha. Mara mbili nimeosha watoto wa umri wa Daudi. Maji nayapima kwa kiwiko. Wahubiri wamewahi kunisimamisha mbele ya watu na kusema kwamba Mungu alimchukua mwanangu ili anipe huduma. Huwa nakaa chini kabla hawajamaliza. Siamini kwamba Mungu hufanya biashara ya namna hiyo. Ninachoamini ni kidogo zaidi: kwamba niliumizwa, nikaagizwa, nikaenda, na kwamba katika kwenda, maumivu yale yalipata kazi ya kufanya, yakaacha kunila bure. Moyo umenifuata siku nyingine. Siku nyingine nimeubeba. Nikiwa mkweli, siku za kuubeba ni nyingi.

Tabitha alitoka hospitali mwezi wa kumi na mbili, akitembea kwa kushika kuta. Siku ya tatu alisema anataka kwenda kwa Daudi. Mzee Sefu alikuna kidevu, kwa maana kwao wanawake hawaendi makaburini. Kisha akasema, "Leo sina macho. Twendeni." Bi. Hadija alifuatana nasi mpaka langoni; hapo akasimama, akasema yeye atatungoja, na hakuvuka. Ndipo nilipotambua kwamba hajawahi kuliona kaburi hilo.

Lilikuwa pembeni, karibu na ua wa minyaa, tuta fupi lenye majani machache yaliyokwisha kuota. Tabitha alikaa chini, akaliwekea mkono mahali ambapo pangekuwa na mgongo, kama alivyokuwa akimlaza. Nilikuwa nimepanga kusali kwa utaratibu, kwa wimbo na zaburi, lakini vyote vilinitoka kichwani, nikaanza Sala ya Bwana kwa sababu ndiyo pekee iliyobaki. Nilifika pale panapoomba kwamba mapenzi yake yatimizwe. Niliyasema hayo maneno, na baada yake sikuweza kutoa lingine. Tabitha hakunisaidia, naye hakuwa na sauti.

Mzee Sefu alikuwa nyuma yetu, viganja amevikunjua kifuani. Hakuijua sala yetu wala hakujua imebaki kiasi gani. Alingoja kwa adabu, aliposikia kimya kimekuwa kirefu akadhani nimemaliza.

"Amina," alisema.

"Amina," alisema Tabitha.

Mimi nilikuwa wa tatu.